Kinywa cha Mwalimu Bushaib

Siku ya kwanza Tuda alidhani anataniwa.

Alikuwa ameshuka kwenye lori la soko pale barabara inapoishia, na mabegi yake na blanketi la mama yake, akamkuta mzee mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya jubba la sufu, kashika kamba ya nyumbu wa mizigo. Huyu ndiye Mwalimu Bushaib, aliyekuwa akifundisha shule ya Tizgi tangu Tuda hajazaliwa. Mwaka wa masomo ukiisha angestaafu na kumwachia yeye darasa. Tuda alikuwa amejiandaa kumsalimu kwa Kiarabu cha heshima, maana alijua mzee ni mtu wa tambarare za pwani, si wa huku kwetu milimani. Lakini mzee alimwahi kwa Kiamazigh, tena kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Tuda kachoka," alisema. "Miguu didi. Twende kwa Yezza. Kuna mbuwa, kuna shishi. Tuda ale, ashibe, alale."

Sasa, kwetu mtoto anayejifunza kutembea akianguka husema didi, yaani ameumia. Nyama huiita shishi, na maji huyaita mbuwa, mpaka ulimi wake upate nguvu ya kuyataja inavyostahili. Kumsikia mzee mwenye mvi, aliyevaa koti la suti, akitamka maneno hayo bila kupepesa jicho, Tuda alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Akawatazama wanaume waliokuwa wakishusha magunia ili acheke pamoja nao. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, pande la mtu lenye ndevu za kijivu aitwaye Basu, aliyakamata yale mabegi akasema, naye kama mtoto wa kunyonya, "Mwalimu asibebe. Basu anabeba."

Tuda aliuma ulimi, akafuata nyumbu.

Alipangiwa kulala kwa Mama Yezza, mjane mwenye nyumba karibu na shule, mwanamke wa maneno machache na mkono wa ukarimu. Usiku ule Tuda alimuuliza kwa nini mwalimu anazungumza vile. Mama Yezza alimsogezea mkate wa shayiri na siagi. "Kula, binti yangu," alisema, na ndio ukawa mwisho wa mazungumzo. Kesho yake akawauliza wanawake mferejini. Wakatazama milima, kana kwamba swali limetoka huko na litarudi huko lenyewe.

Basi Tuda akaamua kutazama, na kila alichokiona kilimwacha mdomo wazi.

Aliona ile kamba. Ilikuwa kamba ndefu ya singa za mbuzi, imening'inia ukutani darasani, imejaa mafundo. Theluji ikianguka, Mwalimu Bushaib huitwaa, hupanda nayo mpaka nyumba za juu kabisa kabla ya jua, na huteremka akiwa mbele, mlango hadi mlango, kila mtoto akishika fundo lake, mpaka darasa zima limefika limetungwa kama shanga. Kwa kamba ile hajawahi kupoteza mtoto njiani. Fundo hurithiwa. Basu alimwonyesha Tuda lake, ambalo sasa ni la mjukuu wake, akalishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mtoto mchanga.

Aliona pia jiko la mkate. Katika mabonde mengine wanawake wa umri wa Mama Yezza huweka dole gumba wanapotakiwa kutia sahihi. Hapa wanasoma. Miaka ile ya mwanzo baba na waume zao hawakutaka waende shule, basi mwalimu akawafuata kwenye jiko la pamoja, akaandika herufi ukutani kwa mkaa wakati unga unaumuka. Moshi ukizifunika, anaandika tena. Ukuta wa jiko la Tizgi ukiukwangua leo utakutana na alfabeti juu ya alfabeti, masizi juu ya masizi, na Tuda aliposimama mbele yake alijikuta amevua viatu bila kujua kwa nini.

Huyu mtu alikuja kijana mwenye nywele za kung'aa, ametupwa huku na wizara kama wanavyotupwa wote wasio na mjomba ofisini. Wenzake waliotangulia walikuwa wakikaa mpaka baridi ya kwanza kisha wanapata ugonjwa wa mgongo. Yeye alikaa. Alioa kwao pwani. Mke akaja, akaiona theluji, akashuka na lori lilelile lililomleta, na hakuna anayemlaumu. Imamu wa kijiji hulishwa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, ndiyo desturi yetu, na baraza likamwingiza mwalimu naye kwenye zamu ingawa alikuwa na mshahara wake. Hivyo hakuna chungu cha Tizgi ambacho hakuijua chumvi yake. Shule yenyewe waliijenga pamoja, yeye akikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe. Wapo waliotoka kwenye darasa lile wakawa wakunga na mahakimu, na wakirudi likizo humbusu bega kabla hawajambusu mama.

Na wote, kuanzia hakimu mpaka mchungaji, wakisimama mbele yake waliongea kitoto.

Tuda ni msichana wa milimani na anaipenda lugha yake kuliko macho yake. Jambo lile lilianza kumkera. Aliona mtu mkubwa anafanywa kichekesho na watu wanaojifanya wanamheshimu. Alielewa jinsi lilivyoanza: kijana wa pwani asiyejua neno, wazazi wanamwonea haya, watoto ndio pekee wanaomsogelea, basi anajifunza kwao. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini mpaka leo hakupatikana hata mtu mmoja wa kumvuta pembeni.

Majira ya kuchipua yalipofika, milozi imemwaga maua, maandalizi ya kumuaga yakaanza. Ikajulikana kwamba watakuja maafisa wa wizara na watu wa mabonde matatu. Alasiri moja baada ya vipindi, Mwalimu Bushaib alimwomba Tuda akae kwenye dawati la mbele amsikilize. Alikuwa ametunga hotuba kichwani, kwa Kiamazigh, ili wageni wajue kwamba mtu wa pwani anaweza kuaga watu kwa lugha yao. Akasimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Bushaib alikuja mdogo," alianza. "Tizgi ikampa Bushaib mkate, ikampa mbuwa, ikampa watoto. Bushaib anaenda sasa. Moyo didi."

Kulikuwa na mengine, marefu, na Tuda alisikiliza machozi yakimlenga na kicheko kikimkaba, asijue aachilie kipi. Kisha akawawazia vijana wa mabonde mengine siku ya sherehe, simu juu, wakirekodi. Akaona video ikizunguka nchi nzima, watu wakivunjika mbavu. Akaamua kwamba yeye, anayempenda, ndiye wa kumwambia. Ukimuuliza leo atakuambia aliamua kwa moyo safi, na mimi namwamini.

Alimweleza taratibu, neno baada ya neno. Mwishowe mzee aliuliza moja tu.

"Na maji?"

"Maji ni aman, Mwalimu. Mbuwa ni neno la mtoto asiye na meno."

"Aman," alirudia. Kisha akahamia Kiarabu, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. "Na wao wanajua? Wote?"

"Wote, Mwalimu."

Akamshukuru, kama anavyomshukuru mtoto aliyepata jibu sahihi ubaoni, akachukua koti lake akatoka.

Tangu siku ile Mwalimu Bushaib hakutamka tena neno la Kiamazigh. Aliwasalimu watu kwa Kiarabu, kifupi, akapita. Nyumba ya zamu ikimsubiri na chakula, alituma ujumbe kwamba tumbo linamsumbua. Aliwafundisha watoto macho yakiwa dirishani. Siku ya tatu Tuda akasikia kwa dereva wa lori kwamba mzee ameweka nafasi ya siku ya soko, kabla ya sherehe, na kwamba hataki watu waambiwe. Alikuwa anaondoka akiamini kwamba maisha yake yote Tizgi yalikuwa mzaha uliochezwa nyuma ya mgongo wake. Tuda alijifungia chumbani akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Mambo yalilipuka siku moja kabla ya soko, mchana. Ni msimu ule ambao shayiri inataka maji na mfereji umeanza kukonda. Basu na jirani yake Mimun walikuwa wamegombana kuhusu zamu ya maji, na ugomvi wa maji kwetu si wa kuchezea. Wakaja shuleni, majembe begani, nusu ya kijiji nyuma yao. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Mwalimu Bushaib wa darasa moja, na wote wawili damu ilikuwa inawachemka. Walipofika mlangoni wakasimama, wakavuta pumzi.

"Mwalimu," Basu alisema. "Mimun kachukua mbuwa ya Basu. Shamba la Basu lina kiu."

Mimun alifungua mdomo. Tuda aliyaona mataya yake yakitafuta neno la kumrushia mwenzake, yakazunguka, yakakosa. "Basu kakosea," alisema hatimaye, kwa huzuni kubwa. "Basu ni kubwa, lakini kakosea."

Wakangoja. Mwalimu Bushaib aliwatazama kutoka kizingitini. Kisha, kwa Kiarabu cha vitabuni, baridi kama karatasi ya serikali, aliwaambia kwamba shauri hilo si la shule, waende kwa mwenyekiti wa baraza. Akafunga mlango.

Basu alilitua jembe lake chini polepole. Ule ugomvi ulikufa palepale, na mpaka leo haijulikani zamu ilikuwa ya nani. Aliwageukia watu, akaongea kwa Kiamazigh cha watu wazima.

"Nani kamsahihisha?"

Mzee Assu, mwenyekiti wa baraza, mtu mkavu ambaye Tuda hakuwahi kumwona akitabasamu, alipita mbele, akaketi juu ya ukuta mfupi wa uwanja wa shule na kuwaashiria wengine wakae. Ndivyo baraza linavyofunguliwa kwetu, likibanwa na haja. Tuda hakutaka mwingine ashukiwe.

"Ni mimi," alisema. "Nimemwambia ukweli."

Mzee Assu aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Akamweleza kwamba katika sheria za kijiji, pamoja na za mfereji, malisho na wizi wa lozi, ipo hii: anayemsahihisha Mwalimu hulisha baraza zima, kondoo na vyote vinavyomfuata. Imewahi kulipwa. Basu mwenyewe akiwa kijana alirudi kutoka mjini na ujuaji wake, akataka kumsahihisha mwalimu njiani, na baba yake akachinja huku anatukana. Kwa kuwa Tuda ni mgeni na hakuambiwa, kosa ni la kijiji nusu. Yeye atatoa kondoo, wao watatoa mkate.

"Kondoo nitatoa, baba," Tuda alisema. "Hata wawili. Lakini niambieni. Mtu mzima, mwenye elimu, mmemwacha azungumze kama mtoto mchanga mbele ya watu miaka yote hii. Mlikuwa mnajifurahisha?"

"Mtukane Mimun," alisema Mzee Assu.

"Baba?"

"Mtukane, kwa lugha ya Mwalimu. Jaribu."

Tuda alijaribu kweli. Alitafuta mwizi, akakosa. Alitafuta mbwa kama tusi, akapata mbwa wa kuchezea tu. Alitafuta yale mengine yasiyosemwa mbele ya wazee, na hayakuwapo kabisa, kwa sababu hakuna mtoto wa Tizgi aliyethubutu kumfundisha mwalimu wake tusi. Alisimama pale katikati ya uwanja, msichana aliyesomea lugha chuoni, hana neno baya hata moja mkononi.

"Unaona," Mzee Assu alisema. "Ukiwa na hasira na mwenzako, unaenda kwa Mwalimu. Ukifika kwake huna pa kuiweka. Bonde la chini watu wamezikana kwa ajili ya mfereji. Sisi tangu huyu bwana aje hatujazikana. Tumwache kondoo wako. Sisi ndio tulitakiwa kuchinja kila mwaka."

Tuda alitazama zile sura, zilizokauka kwa jua na theluji, wanaume waliobeba majembe wakaja kuongea kitoto ili wasiuane. Hajawahi kuiheshimu lugha yake kama alivyoiheshimu dakika ile, ilipokuwa ndogo namna hiyo.

Mlango wa shule ukafunguka. Mwalimu Bushaib alitoka na begi lake. Alikuwa amesikia na kuelewa, maana masikio yalijua mengi ambayo ulimi haukufundishwa, lakini uso ulibaki umefungwa. Kwa Kiarabu, kwa adabu, akasema anawashukuru kwa wema wao na kwa mkate wao, kwamba anaelewa walimstahi, ila mtu ana haki ya kujua anapochekesha, na sasa anaomba wamwachie njia akalisubiri lori la kesho.

Hapo Mama Yezza akasimama. Kwetu mwanamke hasemi barazani, hutuma mtoto wake wa kiume. Mama Yezza alitembea mpaka mbele ya mwalimu, mikono ndani ya shuka lake, na hakuna mwanaume aliyemkataza.

"Bwana Bushaib," alisema. "Hayo ya mifereji watakueleza wao. Sheria hawakuitunga kwa ajili ya mifereji. Niliwaomba mimi. Ulipokuja, nani alikufundisha mbuwa?"

Mzee alilishika begi kwa mikono miwili.

"Alikuwa Itto wangu. Hakufika hata umri wa shule, alikuwa anamfuata kaka yake tu. Ulikuwa unaonyesha ndoo kwa kidole, yeye anakwambia. Unaonyesha chungu, anakwambia. Nilikuwa nawasikia kutoka kwenye paa, nikicheka peke yangu. Nikasema jioni nitamwambia huyu kijana, asije akaaibika. Kisha kifua kikambana Itto, na theluji ilikuwa imeziba njia, na wewe na marehemu mume wangu mkambeba kumpeleka zahanati ng'ambo ya mlima."

"Hatukufika," Mwalimu Bushaib alisema, kwa Kiarabu, polepole.

"Hamkufika. Ukaingia kwangu asubuhi, miguu inavuja damu. Mume wangu hakuweza kusema kitu. Wewe ndiye uliyesema. Ukasema, Itto aliomba mbuwa, Bushaib akampa theluji mkononi, Itto akanywa. Ukasema, Itto hana didi tena." Mama Yezza alilikaza shuka lake mabegani. "Kijiji kizima kilikuwa kimejaa nyumbani kwangu wakinipa pole kwa maneno ya watu wazima. Sikumsikia hata mmoja. Wewe nilikusikia. Itto alikuwa amekufa, na bado anaongea kinywani mwako. Wiki ile nilikwenda barazani mwenyewe, kama hivi leo, nikawaomba wasikuguse. Mtu yeyote asikufundishe neno lingine. Wakaniuliza mpaka lini. Nikawaambia mpaka mimi nife."

Akaonyesha nyumba yake kwa kidevu.

"Angekuwa mtu mzima sasa, ana wajukuu labda. Lakini ukipita pale mlangoni ukaniomba maji, namsikia. Neno lile nimelisikia kila siku, Bwana Bushaib. Hatukuwa tunakucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nakuibia, na hawa wote walinisaidia kuiba. Sasa unajua. Neno la watu wazima unalo, ni aman, litumie ukitaka. Sitakudai tena."

Mwalimu Bushaib alisimama na begi mkononi. Alikuwa mtu aliyezisimamia hisia zake maisha yake yote kama anavyolisimamia darasa, na watu wa Tizgi hawakuwahi kumwona akilia, hata kwenye maziko yale. Sasa machozi yalishuka wazi, yakapita kwenye makunyanzi yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta. Tuda alitaka kutazama pembeni akashindwa. Aliweka mkono kinywani, maana alihisi kwamba kama angepumua kwa nguvu angeharibu kitu.

Mzee aliliweka begi chini.

"Yezza," alisema. "Bushaib ana kiu. Kuna mbuwa?"

Mama Yezza alijifunika uso kwa shuka lake. Kisha akaenda kuyaleta mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.